Koti Moja la Lango

Gathogo alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka tisa alikuwa amelinda lango la nyumba za kupangisha za Mama Emmah kule Ruiru. Aliishi Makongeni, Thika, ambako alijulikana kwa jambo moja: kila Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kanisani. Kazi hiyo hapewi mtu mwenye doa. Alizoea kusema kwamba mshahara wake ni wa Ruiru lakini jina lake ni la Makongeni.

Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilitoa koti moja kwa kila lango, si kwa kila mtu. Lilikuwa koti zito la kijani, lenye kofia na mkanda wa kung'aa mgongoni. Gathogo alilivaa usiku, mwenzake Kagwe alilivaa mchana. Saa kumi na mbili asubuhi Gathogo alilitundika kwenye msumari langoni, funguo zikiwa mfukoni, akaenda zake. Kagwe alifika dakika kumi baadaye, akalivaa. Hawakungojana. Huo ulikuwa uzembe, na wote wawili waliujua, lakini kosa lisilomuumiza mtu huzoeleka upesi.

Jumanne moja ya Julai, mtungi wa gesi wa Rachael, mpangaji wa chini, ulitoweka koridoni. Kabla ya saa mbili, Byron, mwenyekiti wa wapangaji ambaye ndiye aliyesimamia kamera, alikuwa ameshatuma video katika kikundi chao cha WhatsApp. Ilikuwa ya sekunde sita. Mtu mwenye koti la kijani na kofia kichwani ameipa kamera mgongo, mtungi begani. Chini yake Byron aliandika: "Adui ni yule tunayemlipa."

Hakuna aliyeuliza swali. Watu wazima, wengine walimu, wengine wahasibu, walitazama koti wakaona mtu. Mmoja aliituma video kwa dada yake anayeishi Kiganjo, dada akaitupa katika kikundi cha akina mama wa kanisa la Gathogo. Kufikia saa sita, Mumbi, binti yake Gathogo, alimwamsha baba yake akiwa na simu mkononi.

"Baba, huyu ni wewe?"

"Hilo ni koti la kazi."

"Sijauliza koti."

"Sio mimi," alisema. Mumbi aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalirudi kwenye simu. Kabla Gathogo hajavaa viatu, mchungaji alipiga simu. "Mzee wetu, Jumapili hii pumzika na kikapu. Ni wiki moja tu."

Hapo Gathogo akaondoka kwenda Ruiru bila kuitwa. Aliwakuta wapangaji langoni wamemzunguka Sajini Mutheu wa kituo cha polisi, mwanamke mfupi asiyeharakisha neno.

"Amejileta mwenyewe," alisema mpangaji mmoja. "Mlokole wa mchana."

"Mzee, asubuhi ulitoka saa ngapi?" Sajini aliuliza.

"Saa kumi na mbili, afande."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nilitundika koti nikaenda. Hapo nilikosa, sikatai."

Kagwe, aliyesimama kando na koti mwilini, alilivua polepole kana kwamba linamuwasha.

Sajini alimgeukia Byron. "Nataka kuona rekodi."

"Si unayo kwa simu, afande? Ni hiyo hiyo."

"Ya simu ni yenu. Mimi nataka ya mashine."

"Password imekataa tangu asubuhi."

"Haiwezi kukataa," alisema Mama Emmah. "Mimi sina kichwa cha namba. Niliiandika nyuma ya kalenda."

Waliingia ofisini kwake, wakaifungua rekodi. Mtu wa koti aliinua mtungi, akatembea sekunde sita. Hapo ndipo video ya Byron ilipoishia. Ile ya mashine iliendelea. Mtu yule hakuelekea langoni. Aligeuka kushoto, akapanda ngazi.

"Mlinzi anaiba mtungi anaupandisha juu?" Sajini aliuliza. "Huko juu anaishi nani?"

Milango ilikuwa minne, na mmoja wao ulikuwa wa Byron. Wapangaji wanne wa juu walianza kutazamana, kila mmoja akisogea kidogo mbali na mwenzake.

"Mbona uliikatia hapa?" Sajini alimuuliza Byron.

"Bando, afande. Video ndefu inakula bando."

"Mtungi wangu nimeupaka rangi ya kucha kwenye mshikio," Rachael alisema. "Nyekundu."

Waliukuta jikoni kwa Byron, sufuria ya githeri ikichemka juu yake.

"Gesi yangu iliisha, nikauazima," alisema Byron. "Ningeurudisha."

"Na koti, uliliazima kabla Kagwe hajafika?" Gathogo aliuliza.

Nasema hivi: kamera haikudanganya. Aliyedanganya ni mwenye mkasi, akasaidiwa na wote waliobonyeza kutuma kabla ya kufikiri. Mwizi wa zamani alikuchukulia mali tu. Huyu wa siku hizi hukuchukulia mali, kisha akamvika jirani yako kosa lake.

Byron alipopelekwa kituoni, Gathogo aliomba jambo moja. "Mama, ile video nzima itumwe kote ile fupi ilikoenda."

"Hayo yameisha, mzee," Mama Emmah alisema. "Wewe rudi kazini."

Kikundini Rachael aliandika, "Pole mzee." Hakuna mwingine aliyeandika. Mumbi alituma video nzima kwa akina mama wa kanisa. Ilikuwa ndefu, na wachache waliifungua. Mmoja aliuliza kama hiyo ni ya wizi mwingine.

Siku hizi Gathogo hulinda lango na sweta lake mwenyewe, hata katika baridi ya Julai, na haondoki mpaka Kagwe afike. Koti humkabidhi mkononi likiwa limekunjwa.

Jumapili ya wiki ile aliketi benchi la nyuma. Kanisani kwao kikapu hupita mkono kwa mkono, kila mtu akikishika na kumpa jirani. Kilipofika kwake, jirani aliyekileta hakukiachilia. Alikishika kwa mikono miwili, akitabasamu, mpaka Gathogo alipoweka sadaka yake na kuutoa mkono ndani.