Maji ya Kisumu Kwenye Mteremko wa Tambach

Mimi ni fundi wa kuchomelea, si utingo. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo watu wa mtaani kwetu Otonglo hunitania kwamba nilishuka Bonde la Kerio nimepakata jiwe. Jiwe nilipakata kweli, na aliyenipakatisha ni Mama Beldina na maswali yake.

Mama Beldina alikuwa akitupikia pale gereji ya Surinder Singh, Kisumu. Mjane mwembamba, mpole, ila kwa kuuliza hana mwisho. Ukichomelea, anataka kujua moto ule unakula nini. Ukifungua injini, ataacha samaki aungue aje achungulie. Mimi nilikuwa namfukuza. Surinder alikuwa anamjibu swali moja baada ya lingine huku kazi imelala, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi.

Mwaka wa themanini na nane Surinder akashikwa na wazimu wake. Alichukua lori kuukuu, akang'oa bodi ya nyuma, akataka tujenge chumba: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, tangi la maji juu ya paa, uwazi wa kupitia mbele kwa dereva, mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Kila pembe ya chumba kile nimeichomelea mimi, na kila pembe niliilalamikia. Mtu ana nyumba nzuri mtaa wa Milimani, nyingine yenye magurudumu ya nini? Alisema anataka siku moja aamke mlimani, anywe chai akitazama chini. Gereji nzima ilimcheka.

Asiyecheka ni Mama Beldina. Alilizunguka lile gari, akalala chali kutazama uvungu, akapanda, akafungua sinki, akashuka. Kisha akauliza, "Singh, mtu akilala humu, amelala kwa nani?"

Surinder akachezesha mkufu wake wa funguo. "Kwa yule mwenye ufunguo," akasema.

Hapo ndipo yakamtoka Mama Beldina. Binti yake wa pekee, Selpha, aliolewa na mwalimu wa Kibukusu, Waliaula, anayefundisha Tambach, kule ambako barabara inashuka ukutani mwa Bonde la Kerio. Walikuwa wamezika watoto wawili. Sasa amepatikana wa tatu, msichana, mzima, na Selpha amekatazwa safari mpaka apate nguvu. Mama Beldina alitaka jambo moja tu: amwogeshe mjukuu huyo kwa mikono yake na ampikie binti yake uji. Lakini kwetu watu wa ziwani mama halali chini ya paa la mkwe wake, na kwa Wabukusu hata kupeana mkono na mama mkwe ni shida. Tambach si mahali pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wengine wangesema mila zimepitwa. Yeye, baada ya makaburi mawili, hakutaka kumfungulia mtoto yule mlango wa balaa lolote.

Nilidhani Surinder atasema hayo ni mambo ya kishamba. Wapi! Alisema mama yake mwenyewe, akienda kumwona binti yake aliyeolewa, alibeba maji yake kwenye chupa, kwa kuwa kwa mkwe hakunywa hata tone. Akauchomoa ufunguo kwenye mkufu wake, akamtilia mkononi.

Tukajaza tangi maji Kisumu, tukaondoka. Gari lilikuwa zito na breki yake ya mkono Surinder hakuiamini, ndipo nikapewa jiwe: kila tukisimama, niruke niliweke nyuma au mbele ya gurudumu. Mpaka Eldoret Mama Beldina alishauliza maswali ya mwaka mzima. Mbona masikio yanaziba? Maji ya sinki yakimwagwa yanakwenda wapi? Ziwa limebaki upande gani? Nilimwonyesha kwa kidole, hovyo tu, na akageuza kiti chake kuelekea huko.

Kisha tukapita Iten, na ardhi ikaisha. Haki ya Mungu, sijui niseme vipi. Unaendelea kama kawaida, mashamba kulia na kushoto, halafu mbele hakuna kitu, bonde tu liko chini huko, na barabara imejibandika kwenye jabali ikipinda na kupinda. Nikalipakata jiwe langu. Surinder akatia gia nzito, injini ikawa inanguruma, naye hagusi breki ila kwa kupapasa. Mama Beldina akasogea mbele, akasimama katikati yetu.

"Hawa mbuzi wanasimamaje?" akauliza. "Na kule chini wanakaa watu? Wakipika, moshi unatufikia?"

Nikamwambia anyamaze tufe kwa amani. Surinder akacheka, na kucheka kwake kukanipa moyo kidogo. Tulisimama mara mbili breki zipoe, harufu ya moto kila mahali, mimi na jiwe langu.

Tulipofika kwa Waliaula, mambo yakaharibika. Nyumba yake imekaa kwenye mteremko, na palipo tambarare ni mahali pamoja tu, pale ndani ya ua wake, hatua chache kutoka mlangoni. Surinder, bila kuwaza, akaingia getini na kuegesha hapo. Mama Beldina akakataa kushuka. Ndani ya ua wa mkwe ni kwa mkwe, ufunguo au hakuna ufunguo. Surinder akasema nje ya ua gari halilali, litaondoka lenyewe usiku na mama ndani. Na hakuna aliyekosea! Selpha alikuwa mlangoni na mtoto kwenye shuka, machozi yanamtoka, mama yake anamwona kwa dirisha, wala hawawezi kufikiana. Mama Beldina akasema, kwa sauti ndogo, "Geuza, Singh. Nimemwona."

Waliaula alikuwa amejificha nyuma ya nyumba kwa heshima ya mama mkwe. Akatokea ameinamisha uso, mkononi ana sururu. Akaanza kung'oa nguzo za ua wake, moja moja, akazikokota pamoja na seng'enge yake, akachimba mashimo mapya kati ya nyumba yake na gari letu. Nikaelewa, nikatupa jiwe, nikaenda kumsaidia. Jua lilipoanza kuinama, gari lilikuwa nje ya ua, mahali pale pale lilipokuwa.

Selpha akatoka getini kwake, akazunguka ua na mtoto, akabisha mlango nilioutengeneza mimi.

"Hodi, Mama. Nimekuja nyumbani."

"Karibu," Mama Beldina akasema, na mlango ukafungwa.

Tulikaa nje na Waliaula, Surinder akitazama bonde bila hata hiyo chai yake. Baadaye tukasikia mtoto akilia kilio cha kuogeshwa, kisha maji yakatoka kwenye bomba chini ya sinki, vuguvugu, maji ya Kisumu, yakapita karibu na viatu vyangu na kuteremka kuelekea bondeni. Nikamwita Mama Beldina kupitia dirishani, nikamwambia yanakokwenda.