Maai ya Kununua, Maai ya Kuuza

Mwaka wangu wa tatu Garissa niliapa kuondoka, hata ikibidi nijifunze lugha ya majini. Ikawa Kikantoni.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara niliyezoea baridi na migomba. Barua zangu za kuomba uhamisho zilirudi na jibu moja tu: subiri. Chumba changu cha mabati kilinibana kama kiatu cha kuazima. Ndipo rafiki yangu wa chuoni akaniandikia kwamba duka alikofanya kazi Nairobi, la mzee mmoja kutoka Hong Kong, lilihitaji karani anayejua Kikantoni, hata cha kuokoteza. Alinitumia kanda na kijitabu kwa basi.

Nikaanza. Asubuhi salamu, jioni hesabu: yat, yi, saam. Betri za redio zikichoka, nilizianika juani. Neno moja ndilo lililonishinda. Maai ni kununua, na maai ni kuuza. Kijitabu kilidai tofauti ni sauti tu. Nilirudisha kanda mpaka ikaanza kukwaruza, nami nikasikia maai na maai. Karani asiyejua kununua na kuuza ni wa nini?

Mwenye nyumba wangu, mama wa Kisomali niliyemwita eedo, yaani shangazi, alinisikia akaja mlangoni.

"Mwalimu, wewe nabishana na redio?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hii wewe hawezi. Si wewe ndio alibeleka rinda kwa mtoto mwanaume?"

Kweli. Mwaka wangu wa kwanza jirani alijifungua, nikaambiwa ni inan. Nilijua inan ni msichana, nikapeleka rinda la waridi. Kumbe inan ni mvulana vilevile. Wanawake wa ua ule walinicheka wiki nzima, nami kwa kiburi changu nikaapa sitatamka tena neno la Kisomali.

Eedo akainua mkono. Inan wa kiume, mkono ukaanza juu ukashuka. Inan wa kike, ukaanza chini ukapanda.

"Wacha kusikia na kichwa," alisema. "Bandisha mkono. Sikia na mkono."

Tukawasha kanda. Maai ya kununua, mkono ukapanda. Maai ya kuuza, ukalala chini pale pale. Siku ya tisa nilisikia, nikapiga ukelele mpaka mbuzi wa eedo wakakimbia.

Kisha mvua zikaja, mto ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika. Mzee alikubali kunihoji kwa simu ya posta. Siku hiyo eedo alinisindikiza, tukakanyaga matope hadi huko, naye akangoja nje.

Simu ilikoroma. "Maai," alisema mzee.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. "Kununua."

"Maai."

"Kuuza."

"Vizuri. Njoo Jumatatu."

Nikamwambia barabara imekatika, hii ni wiki ya tatu. Akasema hawezi kungoja mto, atatafuta mwingine. Akanitakia heri, akakata.

"Wewe alishinda?" eedo aliniuliza.

"Nimeshinda, eedo. Na siendi."

Tulitembea kimya, nami nikamchukia kwa ukimya wake, nikauchukia mto, nikajichukia mimi mwenyewe.

Tulipofika nyumbani tulikuta wanawake wamejaa uani. Jirani yule yule alikuwa amejifungua tena. Mmoja wao akaniona, akaita kwa mzaha, "Mwalimu! Inan!" Wote wakanitazama, wakingoja nikosee.

Sauti yake ilianza chini ikapanda.

"Msichana," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi. Nikakaa, nikalia, nao wote wakadhani nalia kwa furaha.