Blanketi Lisilokaa Sebuleni

Blanketi la kwanza nililomfumia mama mkwe lilikuwa jekundu, lenye ua jeupe katikati, na kila mgeni aliyefika kwake Katito alilisifu. Hapo ndipo ningeanza kuwa na wasiwasi, kama ningekuwa na akili. Blanketi linalosifiwa na wageni liko sebuleni, na lililo sebuleni halijamfunika mtu.

Kroshia nilijifunza mwaka niliovunjika mguu. Shule ninayofundisha iliendelea bila mimi, nami nikabaki kwenye kochi letu Nyamasaria nikimtazama mke wangu akifuma vitambaa vya kufunikia viti. Siku ya tatu nikamwomba anionyeshe ile sindano yenye ndoano. Mguu ulipona, sindano sikurudisha. Majirani walinicheka hadi wakachoka, kisha wakaanza kuniagiza kofia za watoto.

Desemba tulienda Katito. Kwetu mkwe wa kiume ana mipaka: unaishia sebuleni, unakaa unapoonyeshwa, na mambo ya kitanda cha mama mkwe huyataji hata kwa nia njema. Nikaonyeshwa kochi. Juu yake, limenyooshwa kama bendera, blanketi langu. Nikalikalia. Nilivaa shati jepesi, na kabla chai haijamiminwa mgongo ukaanza kuniwasha. Nikawa najisugua taratibu kama ng'ombe kwenye nguzo.

"Mkwe yuko sawa?" mama mkwe alimwuliza mke wangu, kana kwamba mimi niko kule mbali Kendu Bay.

"Yuko sawa, Mama."

"Mwambie watu wote wanasifu blanketi yake."

Tukiwa njiani kurudi nilimbana mke wangu. Alicheka kwanza, akafuta machozi, ndipo akajibu. "Mwalimu, ulidhani ngozi ya Mama ni kama yako? Wewe unaweza kulala juu ya gunia la dagaa wa omena ukakoroma."

Kumbe mama mkwe alijifunika blanketi lile mara moja tu. Alipoamka, shingo na mikono ilikuwa imejaa vipele. Ngozi yake haijawahi kuvumilia vitu vya manyoya, na mimi sikuuliza. Akakataza nisiambiwe. Zawadi ya mkwe hairudishwi wala haitolewi kasoro, basi akaipandisha cheo hadi kwenye kochi. Yeye akaendelea kulala na shuka mbili na leso, na mvua za Machi zilikuwa zinakuja, zile zinazomfanya atembee akishika magoti.

Kosa langu lilikuwa jepesi, na nimewaona wengi wakilifanya. Nilichagua uzi kwa macho na kiganja. Kiganja kilichozoea chaki na jembe hakina habari. Ukitaka ukweli kuhusu uzi, uliza shingo, au uliza ndani ya kiwiko.

Jumamosi nikaenda mjini kwa mama mmoja anayeuza nyuzi. Nikaomba uzi laini.

"Zote laini, Baba."

Nikachukua donge moja, nikalibana chini ya kidevu, nikasimama kimya.

"Baba, shingo inakuuma?"

"Hapana. Nasikiliza."

"Na inasema nini?"

"Inasema huu unawasha."

Alinitazama kama mtu anayetafuta ndugu zangu wanichukue. Kisha, nilipogeuka, nikamwona akijisugua donge lile ndani ya kiwiko. "Ala! Kumbe nauzia watu upupu?"

Nilimtuliza. Uzi ule haukuwa mbaya. Ungefaa zulia dogo la mlangoni. Tatizo ni vile vinyweleo vinavyosimama. Vinapendeza kwa macho lakini ngozi nyepesi inavihesabu kimoja kimoja. Alinipa pamba. Shingo ikakubali mara moja, mfuko ukakataa. Kwa bei ile ningemfumia mama mkwe kitambaa cha mkononi.

Mama yule akainama juu ya meza. "Nenda Kibuye kwa mitumba, tafuta sweta za pamba ufumue. Na usiseme ni mimi nimekutuma."

Kibuye niligeuza sweta moja moja ndani nje. Nakueleza ili usipoteze Jumamosi yako: tazama mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa cherehani, ukifumua utapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Kama pande mbili zimeunganishwa kwa uzi mmoja, ukiupata mwisho wake, sweta nzima itakufuata hadi nyumbani.

"Mzee, unanunua ama unapima mgonjwa?" mwuzaji aliuliza.

"Nataka kuifumua."

"Kufumua! Basi rudisha hiyo nzuri. Chukua hizi za mashimo, na Mwenyezi Mungu akusaidie."

Nilirudi na sweta sita: kahawia, kijivu, kijani kilichopauka. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama tambi. Nikaufua kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, nikausuuza mara mbili, nikauanika ukiwa na uzito chini hadi ukanyooka. Ulikuwa umefuliwa na watu wengine miaka mingi. Ukali wote ulikuwa umekwisha kwao.

Lakini safari hii sikutaka kubahatisha, na kuuliza nisingeweza. Nikafuma kipande cha ukubwa wa kiganja, mke wangu akampelekea mama yake na kumwambia: "Kiweke ndani ya kola hadi ibada iishe." Nikasubiri. Kipande hakikurudi.

"Anasema amekipoteza," mke wangu alisema akijizuia kucheka.

"Amekipotezea wapi?"

"Kwa shingo."

Nikaanza kufuma blanketi siku hiyohiyo, na lilipokwisha mke wangu akampelekea.

Aprili, mvua ikinyesha, tulienda tena Katito. Nilipelekwa kwenye kochi lilelile, juu ya bendera nyekundu ileile. Nikaangaza viti vyote. Blanketi jipya halikuwepo popote, na hakuna aliyelitaja. Chai ikaja, mgongo ukaanza kuwasha, nami nikanywa bila kujikuna, kama mkwe mwema.

Ndipo mama mkwe akamgeukia mke wangu. "Mwambie mkwe ile ya pili rangi yake mbaya. Haiwezi kuonyeshwa wageni."

"Nitamwambia, Mama."

"Na mwambie imekuwa fupi kwa miguu. Aongeze mistari kumi, lakini asikae nayo siku nyingi. Mvua bado ipo."