Siku Nne Fundo na Kiti cha Bibi

Nianze na ujinga wangu, maana safari yote imetoka humo. Bibi yangu, Bi Raya, magoti yamemkatalia mwaka wa pili sasa, na husali juu ya kiti cha plastiki cha buluu. Siku moja, nyumbani kwetu Wawi, nilikikalia kiti hicho mbele ya rafiki zangu, nikajitanda kanga, nikawa naguna na kuinama kama anavyoinama yeye. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu macho yao yote yakaenda nyuma yangu. Bibi alikuwa mlangoni. Aligeuka akarudi ndani, mkono ukutani.

Adhabu nilipewa na mama. Skuli zikifungwa nimpeleke Bibi kisiwani Fundo, kwa Bi Salma, muuguzi mstaafu anayefundisha yoga. Na kiti nikibebe mimi, kichwani, kwenda na kurudi.

Jumatatu asubuhi tulishuka Wete. Njia nzima ya bandarini wachukuzi walinisalimia kwa heshima. Mmoja aliuliza kiti nakipeleka kuozwa kwa nani. Mashua ya mashine ikatuvusha, Bibi amekaa kitini katikati kama kadhi, mimi nimeshika miguu ya kiti kisiteleze. Hapo ndipo aliponisemesha, bila kunitazama: "Nataka paji langu liguse ardhi lenyewe, kabla sijalazwa humo." Nikaikaza mikono kwenye miguu ya kiti.

Fundo, baada ya alasiri. Darasa ni baraza ya Bi Salma: mikeka chini, na katikati kamba iliyotundikwa kanga, wanawake huku, wanaume kule. Niliwekwa ubavuni mwa Mzee Hamadi, mvuvi wa mguu mmoja. Kanga hazikufika chini. Kwenye upenyo niliona miguu ya kiti cha buluu na nyayo za Bibi.

Kabla hajanyoosha hata kidole, Bibi aliuliza kama humu mna ibada ya watu wengine. Bi Salma alijibu kwamba yoga imetoka Bara Hindi, na wako wanaoifuatisha na ibada yao. Yeye hufundisha pumzi, viungo na adabu. "Na adabu ya kwanza, Bi Raya, ni kutodhuru. Usiudhuru mwili wako, usimdhuru mwenzio. Hata kwa ulimi."

Hakujua habari zangu. Nikainamia mkeka hata hivyo.

Kuvuta pumzi, nikajiambia, nani hajui? Tukaambiwa tuivute polepole, tuiache polepole zaidi. Mara ya tatu nikapaliwa. Tukasimama kwa mguu mmoja, nikaanguka. Mzee Hamadi, tuli, kidole kimoja kimegusa nguzo, alinitazama pale chini. "Mwana we, miwili yote hiyo yakufaani?"

Siku ya pili na ya tatu nilipewa kazi ya kushindilia sufi kwenye mito. Bi Salma aliipanga chini ya magoti ya Bibi, na mwanafunzi mwenzake, Bi Mwajuma, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, alimshika kiuno. Wakimshusha kidogo, wakimrudisha kitini. Mimi nikihesabu kwenye upenyo: mito minne, kisha mitatu.

Siku ya nne, miguu ya kiti ikasogezwa kando. Yakaja magoti, juu ya mto mmoja tu. Ikaja mikono. Kisha, chini ya pindo la kanga, likashuka paji la uso la Bibi, likagusa mkeka.

Sijapata kuona jambo kubwa vile likitendeka taratibu vile. Alikaa pale mpaka nikaogopa, nikamwita. Sauti ikatoka chini, imezibwa na mkeka: "Niache, mwanangu. N'shafika."

Ijumaa, mashuani, nilimwomba radhi. Alisema radhi alishanipa zamani, ila kiti nikibebe. Nikakibeba, na safari hii sikukiona kizito. Niliondoka Wawi nikidhani mwili wa mzee ni kichekesho. Nikarudi najua kwamba hata kupumua bado najifunza.

Magharibi ilitukuta nyumbani. Bibi akatandika mswala chini, akaweka mto wake, akasali. Aliposujudu, mama alisimama kizingitini, machozi yamemjaa. Akamtazama Bibi, akanitazama mimi, kiti kingali kichwani.

"Haya," akasema, "mwigize sasa."