Kitabu cha Kufungia Karanga

Enzi zetu sisi wa mtaa wa Mudzipela, kitabu hakikununuliwa dukani. Kilikuja na karanga. Mliokua Bunia, kwetu Kongo, miaka ile ya vita mnajua ninachosema. Maktaba ya shule moja mjini iliporwa, mlango wake ukaenda kuwa meza ya mtu, na vitabu vikaishia sokoni, vikauzwa kwa kilo. Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alinunua rundo lake kama wenzake. Alichana ukurasa, akaukunja ukawa na ncha, akamimina karanga za moto zenye chumvi, akakupa. Ulikula, ukalamba vidole, kisha ukaanza kusoma.

Ndivyo riwaya ile ilivyotufikia, ukurasa mmoja mmoja, tena bila mpangilio. Jalada hatukuliona kamwe. Leo mwana wa dada yangu mkubwa, Yaya Neema, ana simu iliyojaa vitabu na hajamaliza hata kimoja. Sisi tulikuwa na kimoja tu, hakina kichwa wala miguu, na tuligombania hata kurasa zilizolowa mafuta.

Kiliandikwa kwa Kifaransa. Aliyetusomea ni huyo Yaya Neema, aliyekuwa karibu kumaliza sekondari shule zilipofungwa. Mchana, tukishatwanga sombe, majani ya muhogo, alikaa kizingitini na watoto wa barabara nzima wakamzunguka, kila mmoja na ukurasa wake. Alizipanga magotini, akatutafsiria. Habari zilikuwa za watu wa mbele sana, wajukuu wa wajukuu wa wajukuu zetu, wanaoishi angani kwa sababu dunia imezeeka. Watoto wao hawajawahi kukanyaga udongo. Siku moja akafika kwao mgeni kutoka nyota nyingine, naye hana mwili. Ni akili peke yake, inayoongea kwa sauti ya mtu yeyote inayemtaka. Hapo tulipata taabu. Kama hana mwili, bugali anakulia wapi? Yaya akasema hali kitu. Tangu siku ile hatukumpenda, maana kwetu mtu aliyekataa kunawa mikono na kula nasi sahani moja alikuwa ameshajitangaza kuwa adui.

Watu wa angani wakaanza kuchunguzana, kwa kuwa mgeni angeweza kukuita kwa sauti ya mkeo nawe usijue. Ukurasa mmoja ulisema anajulikana kwa jambo moja: anajibu kabla swali halijaisha. Basi na sisi tukaanza kupimana. Katika nzango, mchezo wetu wa wasichana wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu, aliyewahi kutupa mguu kabla ya wimbo alisimamishwa na kutazamwa usoni. Msichana mmoja, Riziki, tulimfukuza mchezoni kwa sababu tu alikuwa mwepesi wa hesabu.

Msitucheke. Wakubwa walifanya hivyohivyo, na hawakuhitaji kitabu. Kwenye barieri, vizuizi vya barabarani, wanamgambo walisikiliza ulimi wako ili wajue umetoka upande gani. Sisi tulikuwa tumekimbia kutoka mji wa Fataki, na kila asubuhi mama alituambia, “Mutu akikuuliza kwenu ni wapi, umwambie kwetu ni hapa. Akikuuliza tena, weye uko na kikohozi.” Tulikohoa sana miaka ile. Nimekua nikishuku, na sijapona. Mtu akinisalimia mara mbili siku moja, najiuliza anatafuta nini.

Nilimshuku hata Yaya. Mchana mmoja nilimkuta nyuma ya nyumba amemaliza karanga zake, anasoma ukurasa peke yake, uso umembadilika. Aliponiona alikunja kitu, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Niliamini ni biskuti. Nilimfuata mpaka jua likazama na sikupata hata chembe.

Haukupita muda Mama Kavira akakamatwa. Mwanamgambo mmoja alinunua karanga zake, akazila, na chini ya chumvi akakuta mchoro: nukta nyingi, mistari ya kuziunganisha, na duara nyeusi kuzunguka nukta moja. Ilikuwa ramani ya nyota, njia aliyopita mgeni. Yeye aliona nyumba za Mudzipela, na nyumba moja iliyotiwa alama. Au labda kuna mtu aliyemfundisha kuona hivyo. Ninao watu ninaowashuku, na baadhi yao tunapeana mkono wa amani kanisani kila Jumapili.

Siku zile aliyeitwa mpelelezi hakurudi nyumbani. Mama alikaa chini jikoni, samaki wa Kasenyi wakaungua na hakuwageuza. Tulipofika Mudzipela na vifurushi vichwani, Mama Kavira ndiye aliyetupa chumba cha kulala na sufuria ya kupikia, wala hakutuuliza kwetu ni wapi. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa karanga zake.

Yaya hakuomba ruhusa kwa mtu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, “Mulete makaratasi yote.” Watoto walisita, kila mmoja akishuku mwenzake atabaki na wake. Riziki, yuleyule tuliyemfukuza, ndiye aliyeleta za kwanza. Wengine wakaona haya, wakaleta.

Tulimfuata Yaya hadi barieri, tukasimama mbali kidogo. Mama Kavira alikuwa amekalishwa chini juani, viatu vimevuliwa, beseni la karanga pembeni yake.

“Komanda,” Yaya akamwambia mkubwa wa wanamgambo, “hii haiko karte, haiko ramani ya mutaa. Hii iko hadisi.”

“Hadisi ya nani?”

“Ya batu ba kesho kabisa. Uniache nikusomee.”

Komanda akaonyesha kurasa kwa kidevu. “Soma.”

Yaya alizipanga kurasa chini kwa namba zake, akaziwekea vijiwe zisipeperuke. Aliomba ule wenye mchoro, akauweka mahali pake, na sentensi iliyokatika kwenye ukurasa uliotangulia ikaja kumalizikia juu ya zile nukta. Kisha akasoma, huku akitafsiri. Wanamgambo walisogea mmoja mmoja, wakachuchumaa, mikono yao ikaanza kuingia kwenye beseni. Hadithi ikafika pale watu wa angani wanapokaa kikao kuamua kuhusu mgeni, na hapo kurasa zikaisha.

“Na ule mugeni?” Komanda akauliza. “Balimuacha ao balimuua?”

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Mama Kavira alikuwa akitazama miguu yake.

“Sijue, komanda. Mwisho haiko kwangu. Makaratasi yenye ilibakia iko kwa Mama Kavira mu nyumba. Yeye njo anajua fasi iko.”

“Weye, mutoto, unanidanganya?”

Yaya alimwacha amalize swali. Ndipo akajibu, “Hapana, papa.”

Komanda alimgeukia Mama Kavira. “Enda. Kesho asubui unaleta mwisho.”

Mama Kavira alibeba viatu vyake mkononi na kuacha beseni palepale. Kabla jua halijazama alikuwa juu ya lori la wauza samaki linaloteremka Kasenyi, ziwani, na kutoka Kasenyi akapata mtumbwi wa kwenda Uganda. Asubuhi wenye barieri walifukuzwa na wenzao wa upande mwingine, na hakuna aliyekuja kudai mwisho wa hadithi.

Miaka imepita. Siku hizi mwana wa Yaya anaongea na simu yake, nayo inamjibu. Haina mwili, haili bugali, inaongea kwa sauti yoyote anayoichagua, na inamjibu karibu kabla hajamaliza kuuliza. Kijana anacheka nayo kama ndugu. Mimi ikianza kuongea nahamisha kiti. Juzi aliiuliza kuhusu riwaya yetu, na papo hapo ikasema mgeni na watu wa angani walipatana, wakaishi pamoja kwa amani. Kijana akafurahi, akatutazama kama ametulipia deni.

Yaya, ambaye sasa ana mvi, aliinuka, akaingia chumbani. Alirudi na karatasi iliyokuwa ndani ya Biblia yake, ya njano, imekunjwa kwa ncha, bado ina alama ya mafuta.

“Balimuua,” akasema. “Nilisoma mwisho kabla ya Mama Kavira kukamatwa.”

Kumbe haikuwa biskuti. Nilimuuliza kwa nini hata sisi wa nyumba moja hakutuambia.

“Mungelisema,” akanijibu.

Ni kweli, tungesema. Tungempigia komanda kelele kutoka kule mbali tulikosimama, kila mmoja akitaka kuonekana anajua, na Mama Kavira asingepata sababu ya kutoka pale. Vijana wa leo wana mwisho wa kila kitabu mfukoni, wa kweli na wa uongo, na hakuna anayewauliza wameutoa wapi. Sisi tulikuwa na ukurasa mmoja uliofungwa kwenye pindo la kitenge, na msichana aliyekaa nao kimya mbele ya bunduki mpaka lori la samaki likaondoka.