Jiwe Walilosema ni Dogo

Jamani, leo nimeliamkia jiwe shikamoo. Msinicheke kwanza.

Mimi na kaka tulikuwa kwa Bibi, huku juu Meru, tunamjengea uzio wa shamba la kahawa. Jiwe limekaa pale pale uzio unapopita.

Tukalisukuma. Likasogea hatua mbili, migongo ikakataa.

"Bibi, hili kubwa mno. Tuite watu."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

"Kubwa? Babu yangu alilibeba begani hadi mjini, Wajerumani walipowalazimisha watu kujenga boma lao. Msimamizi akalikataa, eti dogo! Babu akalibeba tena, akalirudisha huku huku. Hakutaka kuwaachia Wajerumani."

Kupanda mlima. Na jiwe lile lile.

Wewe uliyelalamika leo una mzigo mkubwa, hebu rudia nikusikie.

Sisi tumeupindisha uzio, umelizunguka.