Mafuta ya Ngalula Usoni Mwangu

Aibu hii sijawahi kuwaeleza vijana wa kanisa letu, ingawa wazee wa mtaa wetu wa Kapata wote wanaijua, kwa sababu walikuwepo na walicheka mpaka wakashika viuno.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati wa kuvaa abakosi, ile suti isiyo na tai, na kuitana citoyen, yaani raia. Binti yangu Ngalula alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alizaliwa albino, ngozi yake haina ile rangi ambayo sisi wengine tunatembea nayo juani bila hata kuishukuru, na masœur, mtawa wa dispansari, alikuwa amempatia tubu ya mafuta ya kuzuia jua, meupe, mazito, kutoka Ulaya. Mke wangu alipopanda treni kwenda Dilolo kununua samaki, alinionyesha tubu hiyo kabatini.

"Tata Ngalula, siku ya défilé utamupakala mingi, nusu saa mbele ya kutoka. Masikio na shingo usisahau. Kisha saa mbili zikipita, tena. Na kofia."

"Lakini ni baridi," nilisema (ilikuwa kiangazi, ambacho kwetu ni msimu wa baridi, asubuhi midomo inatoa moshi).

"Jua haiangalie baridi."

Basi, siku ya gwaride hilo mimi nilichaguliwa kushika mti wa mbele wa kitambaa kirefu chenye jina la karakana yetu, na nilitaka kupendeza. Siku zile wengi wetu, hata wanaume, tulitamani kung'aa kidogo, nikawaza kwamba mafuta ya Wazungu yanayotunzwa hivyo lazima yanaleta rangi nyeupe (nilisoma sekondari, lakini asubuhi ile masomo yalibaki kitandani). Nikajipaka uso, nikaona hayapotei, nikaongeza, nikashuka shingoni, nikamaliza na mikono. Ngalula alipokuja, tubu ilitoa kiasi cha punje ya maharage. Nikamgusa pua na mashavu pale mlangoni, nikamwambia, "Inatosha." Kofia mwalimu wake alikataza, wasichana wote wa shule walitakiwa kucheza ngoma kichwa wazi, na mimi sikubishana naye.

Tulikuwa bado tumesimama mistarini, lori la mgodi wa Mutoshi likapita, na vumbi lote jekundu la barabara ile likanikalia usoni. Lilinata. Kisha jasho likachora mifereji. Kasongo, aliyeshika mti wa nyuma, akachungulia.

"Citoyen Ilunga, ulianguka mu ukuta ya nani?"

Kicheko kilianza kwake, kikapita mstari hadi mstari, kikafika mpaka kwa wakubwa waliokaa kivulini. Wasichana wa shule, waliokuwa wamecheza juani tangu asubuhi, wakageuka na kucheka pia. Ngalula hakucheka. Alitazama uso wangu, kisha akajigusa shavu lake taratibu, na nikajua ameelewa mafuta yake yako wapi. Masikio yake yalikuwa yameshaiva.

Nilitoka mstarini. Sikuwaza lolote, nilimwendea tu mtoto wangu, nikasahau kwamba nimeshika mti, na Kasongo ilibidi anifuate kitambaa kisichanike.

"Tata, tunaenda wapi?" Kasongo aliuliza nyuma yangu.

"Citoyen! Ile kitambaa inaenda wapi?" mkubwa mmoja alipiga kelele.

Tulifika, tukakiinua juu ya Ngalula kama paa, jina la karakana likatazama mbingu. Jirani yetu Mama Kapinga akatoka kwenye umati, akavua pagne, kitenge chake cha juu, akamfunika mtoto kichwa na mabega, kisha akanigeukia.

"Mafuta ya mutoto umefanya nini?"

"Nilijipakala."

"Eeeh! Muangalie Muzungu wa Kapata!"

Jina hilo ninalo mpaka leo.

Shingo na masikio ya Ngalula yalitoka malengelenge. Masœur aliyapoza kwa vitambaa vya maji, hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza kwamba mafuta yale hayaleti rangi, yanasimama kati ya jua na ngozi na kuzuia sehemu ya ukali wake, si wote, ndiyo sababu kofia na mikono mirefu havipaswi kukosekana. Ukiyapaka kidogo ni kama paa lenye matundu, na jasho linayaondoa, kwa hiyo unarudia. Akasema pia kwamba kwa mtoto kama huyu, kuungua leo na kesho huzaa vidonda visivyopona. Kisha akachukua tubu nyingine, akaiweka mikononi mwangu, mimi yuleyule.

Ninawashukuru Mama Kapinga na masœur kila siku. Ngalula sasa ni nyanya wa watoto wanne, na ngozi yake haina kidonda hata kimoja. Akija kwangu, kabla ya kwenda kanisani anaketi kwenye kiti kifupi, ananipa mgongo na kushusha kola.

"Tata, huku nyuma mi siwezi kufika."

Mabinti anao, wangeweza kumpaka. Tubu ananiletea mimi. Ninaanza na masikio, ninapaka mengi, na yale yanayobaki viganjani ninayamalizia kwenye mikono yake. Usoni mwangu hayafiki tena.